Kioo Kutoka Kitandani kwa Mama

Jumapili, 19 Oktoba 1997. Mogogosiek

Nilifika jana jioni. Mama yuko hai. Hilo naliandika kwanza, kwa sababu njia yote kutoka Japani mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi mpaka Kericho, nilikuwa najiona nikiingia bomani na kukuta watu wameketi kwa mabenchi ya kanisa. Hakukuwa na mabenchi. Nilimkuta kaka yangu Kipkurui akikama, na mkewe Phelis akimlisha Mama uji kwa kijiko. Mkono wa kulia umekufa ganzi, mguu wa kulia vile vile, na mdomo umeenda upande. Lakini macho ni yale yale. Alinitazama juu mpaka chini akasema, polepole, kila neno likitoka kwa shida, "Umekonda. Wajapani hawali?"

Nikalia. Yeye hakulia.

Sasa kuhusu kioo, kwa sababu nimekuja nacho na nitarudi nacho. Skrini za siku hizi, hizi nyembamba za kompyuta za kubeba, ni nukta tupu, maelfu na maelfu. Kila nukta ina elektrodi yake, utando wa umeme mwembamba usioonekana. Umeme ukiingia, fuwele za majimaji zilizo ndani ya kioo zinalala, kama nyasi zilizopigwa na mvua. Zikilala zote upande mmoja, aliyekaa mbele anaona picha safi na aliyekaa kando anaona majivu. Miaka miwili kazi yangu imekuwa kuchora mipasuo kwenye hiyo elektrodi, ili nusu ya fuwele ilale huku na nusu ilale kule, na wa kando naye aone. Taabu ni kwamba pande hizo mbili zinapokutana panatokea mstari mweusi, na mstari wenyewe hautulii. Unahamahama na kula mwangaza.

Maabara ya chuo chetu kule Japani ilitengeneza vioo viwili kwa mchoro wangu. Kimoja kilipasuka. Hiki ndicho cha pili, upana wake kama kiberiti. Nusu ya kushoto ina mipasuo mitupu. Nusu ya kulia nimeikata vijino katikati ya kila mpasuo, ili mstari ushikwe pale, kama ndama aliyefungwa kwa kigingi. Mwalimu wangu aliniruhusu nije nacho niendelee kukijaribu. Nikikirudisha katikati ya Januari kikiwa na mstari uliotulia, watu wa kampuni inayotengeneza skrini watakipima, na mimi nitabaki kule nimalize. La sivyo ufadhili wangu unaisha Machi. Nilipoomba nimwachie michoro tu, alisema mchoro bila kioo ni hadithi.

Mvua imeanza tena nikiandika.

22 Oktoba

Mvua. Nimewaambia wote, mmoja mmoja, nikiwaonyesha kopo la biskuti ninamoweka kioo kimefungwa kwa pamba: "Hiki kisiguswe na maji. Hata tone."

27 Oktoba

Mvua. Kipkurui amenikuta nimeinama kwa tochi na hadubini yangu ya mfukoni. "Hicho kioo chako kinatoa maziwa lita ngapi?" Nikamwambia kinatoa zaidi ya yule ng'ombe wake aliyekonda. Akacheka. Mimi sikucheka. Huyu hajui kabisa nimebeba nini, na sina nguvu ya kumweleza kila siku.

Jumapili, 2 Novemba

Leo nimewaonyesha. Tochi nyuma, kioo mbele, betri mbili, na kile kisanduku cha waya nilichounganisha mwenyewe. Kikawaka. Phelis akasema, "Aki ni kizuri," akiwa tayari ameshageuka kuangalia sufuria. Mzee wa kanisa aliyekuja kumwombea Mama akasema Mungu ni mkuu. Kipkurui akasema ni kama tochi iliyovaa miwani.

Mama kitanda chake kiko kwenye pembe, na shingo haigeuki vizuri. Anakiona kwa kando tu. Nikamuuliza, "Mama, unaona?"

Akakikodolea macho. Halafu, "Naona majivu."

"Nusu zote mbili?"

"Majivu yote. Unataka nikudanganye?"

Nilikasirika, na najua nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Maprofesa wamekizunguka kioo hiki kwa mashine za bei ya kiwanda kizima, na jibu ni lile lile la mwanamke aliyelala kwa pembe.

9 Novemba

Mvua. Lori la kiwanda cha chai halijafika kituoni siku tatu. Majani yameanza kupata moto ndani ya magunia, yanageuka mekundu. Kipkurui amebeba yake mpaka nyumbani akayamwagia ng'ombe, na ng'ombe wakakataa.

10 Novemba

Mvua.

15 Novemba

Nimeenda dukani kwa Kiarie kuchukua betri. Baba yake alikuja hapa kutoka Kiambu na mzigo wa blanketi mgongoni, na Kiarie mwenyewe amezaliwa Mogogosiek, anaongea Kipsigis kunishinda mimi ninayeanza kukisahau. "Wewe Chelimo, hizi betri unazikaanga?" Nikamweleza kidogo. Ameelewa haraka kuliko nilivyotarajia. Akasema televisheni ya dukani kwake, watu wa benchi la ukutani hulalamika kila siku kwamba hawaoni mpira. Nikamwambia ile ni shida nyingine. Akasema, "Kwa yule asiyeona ni shida ile ile."

Mama ameweza kukunja vidole vya mkono wa kulia. Viwili.

23 Novemba

Nimepata! Niandike haraka kabla mafuta ya taa hayajaisha. Nilikuwa nauingiza umeme wote mara moja, puu, na fuwele zinaanguka ovyo, kila moja inakotaka. Leo nimeuingiza taratibu, nikizungusha kifundo cha kile kisanduku cha waya, kidogo kidogo. Mstari umekimbilia kwenye vijino ukakaa. Nimezima, nimewasha, umekaa pale pale. Nimefanya hivyo mpaka kidole kimekufa ganzi. Nusu ya kushoto bado mstari unahangaika. Nusu ya kulia umetulia tuli.

Nikaenda nacho kwa Mama. Sikumwambia kitu. Aliangalia akiwa amekunja uso upande mmoja, ule unaokunjika.

"Hii ya kulia naiona," akasema. "Inang'aa kama kitambaa kimeanikwa. Hii ingine ni majivu bado."

Nilimbusu mkono, na sisi hapa hatuna mambo ya kubusiana mikono. Akauvuta. "Wewe mtoto una wazimu." Lakini alifurahi, nilimwona.

24 Novemba

Umekaa.

25 Novemba

Umekaa. Mvua kubwa. Bati la sebuleni linavuja sehemu mbili, tumeweka karai.

1 Desemba

Umekaa. Bati linavuja sehemu nne. Mama anaketi sasa bila kushikwa, akiegemea ukuta. Phelis anasema akiendelea hivi Krismasi atakula mezani. Nimemwangalia Phelis leo vizuri nikaona mikono yake ilivyopasuka kwa maji na sabuni, kumfulia mama yangu, siku zote hizo mimi niko na tochi.

7 Desemba

Simu ya posta imekufa, nguzo zimeanguka. Kiarie ameniambia ya kiwandani inashika mara moja moja. Lazima nimwambie mwalimu kwamba mstari umekaa, anipangie siku ya kupima. Nitaenda Ijumaa. Kopo nitaliacha, sivuki mto na kioo hicho hata kwa dawa.

Jumapili, 14 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nianze vile ilivyokuwa.

Ijumaa nilienda kiwandani. Karani alinihurumia, nikasubiri mpaka jioni, simu ikashika. Sauti ya mwalimu ilikuja kama mtu aliye ndani ya pipa. Nilimweleza. Akasema watu wa kampuni wanakuja tarehe ishirini Januari, na kioo changu kitapimwa cha kwanza. Cha kwanza! Akasema neno ambalo hajawahi kuniambia, kwamba nimefanya kazi nzuri.

Kurudi, nikakuta daraja limebebwa na maji. Nikalala kwa Kiarie, na jana vile vile. Mkewe Bilhah alinipa sweta lake. Usiku wote nilisikia mvua ikipiga mabati na nilikuwa na furaha, naomba niandike hilo pia, nilikuwa na furaha kama mjinga.

Leo wanaume wametupa magogo mtoni, nikavuka. Nimeingia bomani nikiimba. Jikoni moto mkubwa, nguo zimeanikwa kila mahali, Phelis anapika. Mama ameketi kwa kigoda kando ya moto, amefungwa blanketi. Akaniona, akatabasamu kwa nusu ile ya mdomo.

"Mvua ilitoboa nyumba," akasema. "Maji yalianguka kwa meza yako. Lakini usiogope. Kopo lako nimeliweka salama."

"Wapi, Mama?"

Akainua macho juu.

Juu ya moto kuna tabut, ile dari ya miti ambapo tunaweka mahindi ya mbegu na kuni za kukausha. Kila nyumba hapa inayo. Iko chini, mtu mzima anaifikia kwa mkono. Hakuna mahali pakavu kuliko hapo boma zima. Mbegu ya mwaka ujao inalala pale, cheti changu cha ubatizo kililala pale miaka mingi kimefungwa kwa ngozi. Kitu cha thamani mvua ikija unakiweka wapi tena?

Nikalishika kopo, likanichoma. Siku mbili, na moto haukuzimwa kwa sababu ya nguo. Nikalifungua nje mvuani, sikujali tena maji. Ile pamba imekuwa ya rangi ya chai. Utando wa plastiki wa juu ya kioo umejikunja kama jani lililoungua, gundi ya pembeni imeyeyuka, na fuwele zimetoka zote. Zilinishika vidoleni, utelezi kama mafuta ya kula. Miaka miwili. Nilizipangusa kwa sketi.

Nilirudi ndani. Nilidhani ni Phelis. Nilianza kumpigia Phelis kelele, na Mama akasema, "Si yeye. Ni mimi."

Nikamwambia, "Umeniua, Mama." Kwa sauti ile ya kufukuzia mbwa. "Nilisema maji! Nani alisema moto? Mimi nilisema kisiguswe na maji, nani aliwaambia mkipike? Heri ningekufa huko Japani kuliko kuja hapa kwa watu wasiojua kitu."

Alitaka kusema neno. Mdomo ulienda upande, neno halikutoka. Nikatoka nje.

Na ni kweli. Nilisema maji. Hakuna siku hata moja nilisema moto. Ningewezaje kusema moto? Nani anawaza kwamba mtu ataweka kioo juu ya moto? Mtu yeyote wa hapa angewaza. Mimi ni wa hapa.

15 Desemba

Mvua. Sijaongea na Mama.

16 Desemba

Sijaongea naye. Mzee wa kanisa amekuja akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia nayajua hayo tangu darasa la pili, na pia nilifundishwa hasira hasara, na havijanisaidia vyote viwili. Phelis akanivuta mkono.

17 Desemba

Kipkurui amenikuta kwenye zizi, nimesimama tu. Nilitarajia mzaha wake. Hakufanya mzaha. Akamfunga ndama kwa kigingi, polepole, halafu akasema, "Hujauliza."

"Sijauliza nini?"

"Alifikaje jikoni."

Nikamwangalia.

"Phelis alikuwa kwa majani. Mimi nilikuwa mtoni na wale wengine. Hakukuwa na mtu nyumbani, Chelimo. Mvua ilitoboa bati, maji yakaanza kuingia kwa kopo lako, na yeye yuko kwa kitanda. Alishuka. Alishika ukuta. Amevuka uwanja kwa matope, amefika jikoni, amelisukuma kopo juu na mkono wa kushoto. Phelis alimkuta chini, hawezi kuinuka, nguo zimeloa mpaka kwa ngozi, anacheka. Alikuwa anasema, 'Nimetembea. Chelimo akija nitamwambia nimetembea.' Ule moto mkubwa uliwashwa ili akauke."

Nilimwambia anyamaze.

Nimesoma hesabu za umeme na mwanga mpaka macho yakaharibika, na nilimkuta mama yangu ameketi jikoni, mwanamke ambaye nilimwacha hawezi kutoka kitandani, na sikuona.

18 Desemba

Nimeenda nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe."

Akasema, "Mbegu hukaa hapo."

"Najua, Mama."

"Mbegu haijawahi kuharibika hapo."

"Najua."

Nikamwomba ajaribu kusimama, nimshike. Akafunga macho. "Mguu umekataa."

22 Desemba

Mguu umekataa. Vidole vile viwili navyo havikunji. Phelis anasema ni baridi ya ile siku imeingia. Kipkurui hasemi ni nini. Mimi najua ni nini.

25 Desemba

Krismasi. Tulikula mezani. Mama alikula kitandani.

29 Desemba

Uchaguzi. Kipkurui amepiga kura na matope mpaka magotini. Kiarie amefunga duka na kumpeleka Bilhah na watoto Nakuru kwa shemeji yake, akiogopa fujo za kura, mpaka mambo yatulie. Alipita kumuaga Mama. Akaniachia betri. Nikamwambia sina kazi nazo tena. Akasema, "Weka tu."

2 Januari 1998

Mvua. Redio inasema mvua hii ni kwa sababu bahari imepata joto huko mbali sana, upande wa Japani na ng'ambo yake.

5 Januari

Nimempata mwalimu kwa simu. Nilisema yote kwa Kijapani na yalionekana upuuzi, mama, moto, mahindi ya mbegu. Alisikiliza. Aliniambia pole, na alikuwa na pole ya kweli. Kioo kingine hakiwezi kutengenezwa kabla ya wageni kuja. Watapima cha mwenzangu, ambaye mipasuo yake ni mitupu. Ufadhili wangu atajaribu kuuombea, lakini nisitumaini. Kisha akauliza mama anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri, anatembea.

11 Januari

Kiharusi kimempiga tena, asubuhi, akinywa chai. Daktari wa Litein hawezi kuvuka. Tungembeba, Kipkurui na wenzake walikuwa tayari na machela, lakini Mama alishika mbao ya kitanda kwa mkono ule mmoja akakataa kuiachilia.

12 Januari

Anakunywa maji tu, tunamkamulia kwa kitambaa.

Jumanne, 13 Januari

Saa nne asubuhi mvua ilipungua, kukawa na mwangaza kidogo dirishani. Nilikuwa namfuta uso. Akasema kitu, nikainama. "Washa," akasema. "Kile kioo."

Nilitaka kumwambia hakuna kioo, Mama, kilikufa. Sikuweza kulisema mara ya pili. Nikatoa kopo. Nikakifuta. Nikaweka betri za Kiarie, nikaunganisha waya, tochi nyuma, nikazungusha kifundo taratibu kama inavyotakiwa. Nilifanya kila kitu sawasawa. Kioo kilikaa kama kigae cha chungu. Hakuna nuru iliyopita.

Nilikishika mbele yake, kwa kando, pale anapoweza kuona.

Aliangalia kwa muda mrefu. Huyu ndiye mtu mmoja katika nchi hizi mbili ambaye hakuwahi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee wa kanisa alisifu, Phelis alisifu, yeye alisema majivu.

"Naona," akasema.

"Unaona, Mama?"

"Inang'aa." Akapumua. "Hii na hii. Zote mbili."

Ile ya kushoto haikuwahi kung'aa. Hata kikiwa kizima, kutoka pale alipo haikuwahi kung'aa, na yeye ndiye aliyeniambia. Nikasema, "Asante, Mama." Akafunga macho, uso wake umeridhika kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumatano, 14 Januari

Mama ametuacha alfajiri.

Jumamosi, 17 Januari

Tumemzika leo. Kaburi lilikuwa likijaa maji, wanaume walikuwa wakiyatoa kwa karai huku mzee wa kanisa akisoma. Kiarie alikuja peke yake kutoka Nakuru. Kipkurui alinishika bega wakati wote, huyu niliyemwona mjinga mwezi wa kumi. Ndege yangu imeondoka jioni hii bila mimi.

Wote wakiwa nje wanakunywa chai, niliingia chumbani kwake nikafunga mlango. Nililala kwa kitanda, kwenye pembe, shingo upande ule ule alivyokuwa. Niliweka kioo kwenye kigoda na tochi nyuma yake. Nikatazama mpaka macho yakatoka machozi, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto.

Hakuna kitu, Mama. Kutoka hapa hakuna kitu kabisa.